Imani inakaa wapi kwenye chungu? Jibu kwa kijana mfinyanzi wa Morogoro

Kuna kijana kaniandikia, swali lake nalifupisha kidogo: "Shikamoo mwalimu. Nina miaka 27, nafinyanga huku Morogoro mwaka wa tano sasa, nina gurudumu la umeme na tanuri dogo la gesi. Mwaka juzi niliokoka na tangu hapo nahisi kazi yangu inabidi ibadilike ila sijui ibadilike vipi. Kanisani wameniagiza vikombe 60 vyenye mistari ya Biblia, nimefanya vitatu vya mfano na kusema ukweli sivipendi. Nimesoma kuhusu Bernard Leach, yule mfinyanzi Mwingereza, kwamba alikuwa mtu wa dini sana, Mbahai, lakini nikiangalia picha za vyombo vyake sioni dini yoyote pale. Je, imani ilimwingia kweli kwenye kazi au ni maneno tu? Na mimi nifanyeje?"

Marahaba mwanangu. Nimekusoma mara tatu na katika yote uliyoandika lililonishika ni lile neno moja, "sivipendi". Usilionee aibu. Mkono wako umeshajua kitu ambacho kichwa bado hakijakijua, na mfinyanzi asiyeusikiliza mkono wake hata awe mcha Mungu kiasi gani kazi inatoka imepoa. Mimi ni Muislamu, nimezaliwa Muheza, bibi yangu mzaa mama alikuwa anafinyanga vyungu na mitungi ya maji anauza gulioni, na mimi nimefundisha ufinyanzi miaka 30 na kitu, kwa hiyo nakujibu kama mtu wa udongo na kama mtu wa dini kwa pamoja maana sijawahi kuweza kuvitenganisha.

Kwanza ndio, imani ilimwingia Leach kwenye kazi na ilimwingia sana. Ila wewe unaitafuta kwenye ngozi ya chungu, unatafuta alama, nyota, mstari, jina la Mungu, usipoiona unasema haipo. Haikukaa pale. Ilikaa kwenye kitako na mdomo na uzito wa chombo, na kwenye namna karakana ilivyoendeshwa, na kwenye sababu iliyomtoa kitandani asubuhi kwenda kukanda udongo.

Leach alizaliwa Hong Kong mwaka 1887, mama yake akafariki katika kumzaa, akalelewa kwanza Japan kwa babu na bibi, akarudi kwa baba yake Hong Kong, na alipofika miaka 10 akapelekwa Uingereza kusoma shule ya mapadre Wajesuiti. Kwa hiyo mtoto alikulia kwenye Ukatoliki. Ujanani imani ile ikamtoka, akaingia sanaa, akasoma chuo cha sanaa cha Slade pale London, akajifunza kuchonga picha kwenye bamba la shaba na kuzichapa kwenye karatasi, na mwaka 1909 akapanda meli kurudi Japan akiwa na nia ya kufundisha ufundi huo. Udongo hakuujua kabisa. Mwaka 1911 akaalikwa Tokyo kwenye mkusanyiko wa wasanii, kila mgeni akapewa chombo kilichokwisha kuchomwa mara moja akichore anavyotaka, kikapakwa glezi (ule utando wa kioo, wewe unaujua), kikaingizwa kwenye kijitanuri cha makaa palepale uani, kikatolewa chekundu kama kaa, na muda mfupi baadaye kimepoa anacho mkononi. Hiyo ndo raku. Maisha yake yakageuka siku ileile, akatafutiwa mwalimu, mzee aliyerithi jina la ufundi la Kenzan, akaanza kujifunza kama mtoto mdogo.

Sasa naomba uangalie jambo moja hapa. Hiyo raku yenyewe imetoka kwenye dini. Ilianza Kyoto karne ya 16, mfinyanzi anaitwa Chojiro alifanya kazi na bwana mmoja wa sherehe za chai, Sen no Rikyu, mtu wa Zen (tawi la Ubudha), aliyefariki 1591. Chojiro hakutumia gurudumu, alifinyanga kwa mkono bakuli nyeusi na nyekundu zisizo na pambo lolote, kwa sababu Rikyu alitaka mgeni akishika bakuli asikutane na utajiri wa mwenye nyumba, akutane na joto la chai na mtu aliyekaa mbele yake, basi. Hamna picha ya Budha pale, hamna andiko. Mafundisho yote ya watawa yameingia kwenye unene wa ukuta wa bakuli na namna linavyotulia kiganjani. Kwa hiyo Leach alipoishika raku yake ya kwanza alikuwa ameshashika imani ya watu wengine bila kujua, na nafikiri ndo maana ilimtikisa kiasi kile.

Mwaka 1920 akarudi Uingereza na Hamada Shoji, mfinyanzi Mjapani, wakafungua karakana St Ives huko Cornwall, wakajenga tanuri la Kijapani la vyumba vinavyopanda kilima, linatajwa kuwa la kwanza la aina hiyo nchi za Magharibi. Miaka ile ya mwanzo ilikuwa ya tabu hasa, kuni shida, mzigo unaharibika tanurini, wanunuzi hawaelewi kwa nini walipie chombo cha rangi ya udongo wakati dukani kuna cheupe cha kiwandani kwa bei rahisi. Nakutajia haya kwa sababu kijana ukiokoka unaweza kudhani tanuri nalo litaokoka, hapana, tanuri halijui dini ya mtu, ukifunga gesi vibaya vitapasuka tu na ukisema bismillah juu yake vitapasuka vilevile.

Miaka ya 1930 akiwa anafundisha Dartington, Devon, akakutana na mchoraji Mmarekani, Mark Tobey, ambaye alikuwa Mbahai tangu 1918. Wakawa marafiki, mwaka 1934 wakasafiri pamoja kwenda mashariki ya mbali, wakazungumza mambo hayo njia nzima, na mwaka 1940 Leach akaingia rasmi kwenye dini ya Bahai. Kwa asiyeijua, ni dini iliyoanza Iran karne ya 19, mwanzilishi wake Bahaullah alifariki 1892 karibu na Akka alikokuwa amepelekwa uhamishoni na kufungwa, na kiini cha mafundisho yake ni umoja, Mungu mmoja, dini zote chemchemi yake moja, wanadamu wote jamaa moja. Aliyefika Kampala ameliona hekalu lao pale kilima cha Kikaya, lile la kuba na pande tisa lililofunguliwa 1961. Na kuna fundisho moja la Bahaullah ambalo kwa fundi ni kubwa mno, kwamba kazi ya mikono, ufundi, biashara, ukiifanya kwa moyo wa kuwatumikia watu inahesabiwa ni ibada. Inahesabiwa ibada yenyewe! Mtu yuko kwenye gurudumu anavuta mdomo wa jagi na hiyo ni swala. Na sisi Waislamu tunayo hadithi mashuhuri kwamba Mwenyezi Mungu anapenda mja akifanya kazi aifanye kwa ukamilifu, na nyinyi mna maneno ya Paulo kwa Wakolosai kwamba lolote mfanyalo mlifanye kwa moyo kama mnamfanyia Bwana. Kwa hiyo jambo hili si geni kwetu, ila Leach alilichukua kama lilivyo akaishi nalo.

Swali sasa ni je, vyombo vilibadilika baada ya 1940? Nikuambie ninavyoona mimi. Ukichukua jagi lake la katikati ya miaka ya 1930 na la 1950 ukayaweka mezani, hakuna mtu atakayekunyooshea kidole kwamba hili la kabla na hili la baada. Imani haikumpa maumbo mapya. Ilimpa jina la kitu ambacho mikono yake ilikuwa ikikifanya tayari, maana tangu 1920 alikuwa anachanganya Japan na Uingereza kwenye donge moja la udongo, jagi la Kiingereza la zamani na glezi ya Kichina, na watu wakimuuliza kwa nini alikuwa na majibu ya kisanii tu. Baada ya pale akapata jibu la kiimani, kwamba mashariki na magharibi ni watu wamoja na chombo kinaweza kulionyesha hilo bila kusema neno. Hiyo inamfanya mtu adumu. Mwaka 1952 akashiriki kuandaa mkutano mkubwa wa mafundi wa vyungu na vitambaa pale Dartington, kisha akazunguka Marekani na Hamada na rafiki yao Yanagi Soetsu wakifundisha, 1954 akaenda Haifa kuzuru makaburi matakatifu ya Wabahai, na hakuacha mpaka macho yalipoanza kufifia miaka ya 1970. Alifariki St Ives mwaka 1979.

Kuna chombo kimoja nataka ukitafute picha zake, si cha Leach, alikinunua tu. Ni mtungi wa mwezi wa Korea, yaani wa mviringo kama mwezi mpevu, mweupe, wa enzi za ufalme wa Joseon, aliununua Seoul 1935 katika safari ileile. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia akauacha London kwa mfinyanzi Lucie Rie, mama wa Kiyahudi aliyekimbia Vienna 1938, na leo uko British Museum. Uangalie taratibu. Ni mkubwa, karibu nusu mita kwenda juu, na haukuvutwa kwa mara moja maana udongo ule wa kaure ungelala chini wenyewe, kwa hiyo fundi alifanya bakuli mbili kubwa akazigeuzia midomo akaziunga katikati. Ule muungo haukufichwa, ukiangalia kwa pembeni unaona tumbo limepinda upande mmoja kidogo, duara si duara. Weupe wake nao si mmoja, kuna mahali umeingia kama maziwa na mahali kama maji ya mchele. Waliousimamia ufalme ule walishika mafundisho ya Confucius, yule mwenye hekima wa China wa kale, kiasi, usafi, mtu asijionyeshe, wakayapenda meupe matupu wakati majirani zao wanachora madragoni ya buluu. Hapo ndo unaona imani ya watu imekuwa mwili wa chombo. Mimi nilikaa na picha ya mtungi ule wiki nzima ukutani kwangu na nikaacha kusawazisha baadhi ya mitungi yangu kupita kiasi, mpaka leo.

Huyo Yanagi niliyemtaja ndo aliyelifikiria hili kwa kina kuliko wote. Alikuwa msomi wa dini kabla hajawa mtu wa vyungu, mwaka 1936 akafungua Tokyo jumba la makumbusho ya kazi za mikono za watu wa kawaida, na hoja yake ilikuwa hivi: kwenye Ubudha wa Ardhi Safi mtu haokolewi kwa nguvu zake, anaokolewa kwa rehema anayoipokea kwa kulitaja jina la Budha tu, basi na fundi maskini anayefanya bakuli 100 kwa siku bila kuweka jina lake, bila kujifikiria, uzuri unampitia kwa njia ileile ya rehema. Mfano wake mkubwa lilikuwa bakuli linaloitwa Kizaemon, liko Kyoto kwenye hekalu la Daitokuji, leo ni hazina ya taifa la Japan, nalo lilikuwa bakuli la wali la mkulima wa Korea karne ya 16, aliyelifanya hajulikani na hakujua kama ni zuri. Mimi hoja hii naipenda lakini siimezi yote. Bibi yangu alikuwa fundi maskini asiyeweka jina, na alijua sana kama chungu ni kizuri. Alikuwa anakipiga kwa konzi ya kidole, anasikiliza, anatabasamu au anakunja uso. Kusema hakujua ni kumpunguzia. Unyenyekevu wake haukuwa kutojua, alijua na akaendelea kukiuza kwa bei ya chungu.

Na nikae hapa kwa bibi kidogo. Hakuwa na gurudumu. Alikuwa anaweka donge kwenye gae kuukuu, anaingiza ngumi katikati, anasema bismillah kwa sauti ya chini kama mtu anayeingia chumbani kwa mgonjwa, kisha anaanza kuzunguka yeye. Chungu kimetulia yeye anakizunguka, kinyumenyume, mgongo umeinama, mkono mmoja ndani mmoja nje, anaongeza kamba ya udongo, anabana, anavuta, anazunguka tena, na kisigino chake kilikuwa kimechora duara kwenye vumbi la ua ambalo halikufutika hata mvua ikinyesha. Alikuwa hapokei maneno ya ugomvi wakati anafinyanga, ukija na umbea anakuambia subiri nimalize mdomo. Utotoni nilidhani ni mwiko wa mizimu. Nilivyokua nikaelewa ni adabu ya kazi, kwamba pumzi ya mtu ikienda mbio mkono nao unakwenda mbio na ukuta wa chungu unapata mahali pembamba, na mahali pembamba ndipo moto unapopaonea.

Sasa miaka mingi baadaye nikaona picha za Ladi Kwali wa Nigeria, mama wa kabila la Wagwari, anazunguka mtungi wake vilevile kinyumenyume, nikalia. Huyu mama vyungu vyake vilionekana na Michael Cardew kwenye nyumba ya mtawala wa Abuja, na huyu Cardew ndo alikuwa mwanafunzi wa mwanzo wa Leach pale St Ives tangu 1923, alipelekwa Nigeria akaanzisha kituo cha ufinyanzi Abuja (mji huo sasa unaitwa Suleja) mwaka 1952, na Ladi Kwali akaingia 1954, mwanamke wa kwanza pale. Leo yuko nyuma ya noti ya naira 20. Na katikati ya miaka ya 1970 kituoni pale alifika binti aliyezaliwa Nairobi 1950, Magdalene Odundo, aliyekuwa anasoma Uingereza, akajifunza kwa kina mama wale kujenga kwa mkono. Vyombo vyake unavijua au ukitafuta utavijua, vina shingo ndefu na tumbo, anavijenga kwa mkono, anavisugua kwa jiwe mpaka vinang'aa bila glezi, akivichoma kwa hewa ya kutosha vinatoka rangi ya chungwa lililoiva, akivichoma tena amevifungia na vitu vinavyotoa moshi vinakuwa vyeusi tii. Kwa hiyo ule mnyororo ulioanzia kwenye uani pa Tokyo 1911 umepita Cornwall, umepita Abuja, umefika kwa mtoto wa Nairobi, na njiani umepita mikono ya Zen, ya Bahai, ya wanawake wa Kigwari. Hakuna aliyemwandikia mwenzake mstari wa kitabu chake kwenye chungu. Walichopokezana ni namna ya kusimama mbele ya udongo.

Haya, tuje kwenye maandishi maana ndo yanayokuumiza. Usinielewe vibaya, sisemi kuandika kwenye chombo ni kosa. Waislamu wa Nishapur (Iran) na Samarkand (Uzbekistan ya leo) karne ya 10 walifanya bakuli nyeupe zenye maandishi meusi ya Kufi, mwandiko wa kale wa Kiarabu, kuzunguka ukingo, ukiziona unanyamaza, na ukiyasoma mengi utakuta si aya za Qurani. Ni dua za baraka kwa mwenye chombo na ni methali. Lipo moja liko Metropolitan Museum, New York, linasema kupanga kabla ya kazi kunakuepusha na majuto. Fikiria umekula wali umemaliza unakutana na maneno hayo! Wale walikuwa watu wa dini sawasawa, kwa nini hawakuandika aya? Mimi nimelielewa hili kwa maumivu yangu mwenyewe. Miaka ya nyuma nilifinyanga mtungi mkubwa nikauandika Ayatul Kursiy, aya mashuhuri ya Qurani, kuzunguka bega, siku nne za kazi, nilikuwa na haraka ya kufungua tanuri kabla halijapoa vizuri na nikausikia, tii, ufa kutoka mdomoni mpaka kitakoni ukapita katikati ya aya. Chungu kingine kikipasuka kinakuwa gae, kinaenda jalalani, kuku wananywea maji. Hiki je? Sikuweza kukitupa, sikuweza kukitumia, sikuweza kukiangalia. Nikakichimbia shimo safi mahali pasipokanyagwa nikakizika, na siku ile nikajua kwamba neno takatifu kwenye chombo cha kila siku unampa mwenye nyumba mzigo ambao hakuuomba, atakiosha wapi, atakiweka chini au hatakiweka, kikivunjika afanye nini.

Wazee wetu wa pwani walilijua hili, nenda kaangalie kombe. Aya inaandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, inaoshwa kwa maji, mgonjwa anakunywa, sahani inabaki tupu kama ilivyokuwa. Masheikhe wana maneno yao kuhusu jambo hilo na siingii huko, nasema tu kama mfinyanzi kwamba pale neno halikuachwa kwenye chombo, liliingia kwa mtu. Na walipotaka neno libaki waliliweka ukutani, kama vigae vya Iznik, mji wa wafinyanzi huko Uturuki, kwenye msikiti wa Suleymaniye Istanbul uliokamilika 1557, aya imekaa juu ya vichwa vya watu, haioshwi na vijiko. Tena huku kwetu nguzo za makaburi ya kale Mambrui na Kunduchi zilipachikwa bakuli na sahani za Kichina kavu kavu bila neno, kaure ile ya buluu na ya kijani imetulia kwenye chokaa, na anayepita anajua hapa amelala mtu na amewekwa kwa heshima.

Nyinyi kwenye Biblia mna Yeremia 18, nabii anashuka nyumbani kwa mfinyanzi, chombo kinaharibika mkononi, fundi anakifinyanga tena kuwa chombo kingine. Mlango unaofuata, 19, anaambiwa anunue gudulia akalivunje mbele ya watu na halitengenezeki tena. Wahubiri wengi nawasikia wanazisoma kama hadithi mbili za ghadhabu na rehema, na wana haki yao, lakini mfinyanzi akizisoma anaona kwamba aliyeandika alikuwa anaijua karakana. La kwanza ni udongo mbichi, la pili limeshapita motoni, na wewe unajua kabisa tanuri likipita nyuzi 600 hakuna kurudi, hata uloweke mwaka mzima haliwi udongo tena. Udongo uwahi ungali maji, tunasema, na hiyo methali lazima ilitoka mdomoni mwa mtu mwenye matope mpaka kwenye viwiko. Na kwetu Suratul Rahman inasema mtu ameumbwa kwa udongo mkavu unaolia kama wa mfinyanzi, ule mlio wa konzi ya bibi. Ukishaona hivyo huhitaji tena kuandika mstari juu ya kikombe ili kikombe kiwe na habari za Mungu.

Sasa vikombe vyako 60. Ushauri wangu ni huu na uupime. Rudi kanisani uongee na waliokuagiza, kwa upole, uwaambie unaomba maandishi yaende ukutani. Wafanyie vigae, hata kumi na mbili tu, mstari mmoja waliouchagua wenyewe, uandike kwa mkono wako kabla glezi haijaingia, wavipachike mlangoni pale watu wanapoingilia. Vikombe wafanyie vitupu. Na vile vitupu uvifanyie kazi kama hujawahi, maana hapo huna pa kujificha. Vuta kumi kwanza, uvichome, unywe chai navyo wiki nzima, chai ya moto hasa ya asubuhi, usikilize mdomo wa kikombe kwenye mdomo wako, kama ni mnene unaziba ladha, kama ni mwembamba sana unaunguza. Mkono wa kikombe, pale pa kushikia, uingize vidole viwili vya mzee mwenye baridi yabisi, si vyako. Kitako ukisugue kisikwaruze meza ya mama wa watu. Na glezi uwe na hakika nayo, nyuzi zake zifike, isiwe na madini ya risasi, maana kumpa mtu sumu kwenye kikombe cha kanisani hilo halina maombi. Kama watakataa kabisa na wanataka neno, omba liwe neno la kukaribisha au la shukrani, kama wale wa Nishapur, neno ambalo hata likivunjika halimsumbui mtu usingizi.

Bei usiwapunguzie kwa sababu ni kanisa. Wengi wenu mkiokoka mnaanza hapo, mnafanya bure mnasema ni sadaka, halafu gesi inaisha na kazi inasimama. Mfinyanzi hulia gaeni, wazee walisema, na mimi nimechoka kuiona methali hiyo ikitimia kwa wanafunzi wangu. Hesabu udongo, hesabu gesi, hesabu siku zako, uwape bei ya haki, ukitaka kutoa sadaka itoe ukishalipwa.

Umeniuliza pia kama kazi yako inabidi ibadilike. Itabadilika, ila usiisukume. Leach mwenyewe pale alipotaka kuionyesha imani waziwazi aliionyesha mara chache na kwa lugha ndogo, kuna sahani zake za uzeeni zenye mhujaji, mtu mdogo anatembea na milima nyuma yake, rangi ya kutu na nyeusi, na hakuandika anaenda wapi. Mimi hizo ndo nazipenda kuliko zote alizofanya. Alikuwa amepita miaka 70 wakati anazifanya, wewe una 27.

Vile vitatu vya mfano usivivunje kwanza. Nitumie picha zake, ya kitako na ya mdomo kwa karibu, na ya mkono ukiwa umeushika, ya maandishi acha.